Nani Anabeba

Burumba, Busia
Jumamosi

Dada yangu Mghoi,

Pokea salamu zangu kutoka huku mpakani. Hali yako, na hali ya hapo nyumbani? Natumai baridi ya Wundanyi haijakukamata kifua mwaka huu, na goti la shemeji limepata nafuu tangu alipoteleza kule shambani. Mimi mwili hauna neno. Nakula, ingawa nimekonda kidogo, na ukiniona usishtuke.

Umeniuliza kwa simu mara tatu mbona sijakutumia orodha ya vitu vya Mshai vya shule, na mara tatu nimekujibu kwamba nimebanwa na kazi. Nilikudanganya. Sina kazi tangu mwezi uliopita. Nimeona niandike kwa sababu nakujua, simu ungeiweka kwa spika nyumba nzima isikie, na Mshai angekuwa hapo hapo anachambua mboga. Haya si ya kusikika vipande vipande. Yasome peke yako kwanza, halafu mwite baba yake. Ninachokuomba ni hiki: Mshai asiende shule ya Kilima.

Najua umeshakunja uso. Wewe ndiye uliyekatiza masomo mama alipougua ili mimi niendelee, na ulinisindikiza Kilima na sanduku kichwani. Kila nikirudi likizo ulinionyesha kwa majirani. "Mwoneni Wakesho, akiitwa anasimama. Akitumwa haulizi." Unakumbuka siku redio ya mjomba ilipoanguka ikapasuka? Mjomba alifoka, "Nani amefanya hivi?" Nikasimama, mikono nyuma, nikasema, "Nabeba mimi." Nilichapwa fimbo za kutosha. Jioni yake ukagundua kwamba ni Mshai aliyeivuta kwa waya, wakati huo anatambaa, ukanikumbatia ukalia ukasema shule imenilea.

Dada, sikuwa nimemhurumia mtoto. Hata sikujua ni yeye. Nilisikia swali na mdomo ukafunguka wenyewe.

Hukuwahi kuniuliza maneno yale yalitoka wapi, nami sikuwahi kukueleza. Kilima kukitokea kosa, kitu kimepotea au dirisha limevunjika, bweni zima lilipigishwa magoti uani. Kiranja hakuuliza nani amefanya. Aliuliza, "Nani anabeba?" Tulikaa hivyo kwenye changarawe mpaka mmoja aseme nabeba mimi, awe amefanya au hakufanya. Huyo aliadhibiwa, halafu tukampigia makofi matatu, mepesi, na Jumapili akawekwa kiti cha mbele. Kumtaja aliyefanya ndiyo ilikuwa aibu. Aliyetaja mtu alizimwa. Kulikuwa na msichana wa darasa letu aliyetaja. Muhula mzima hakuna aliyemsemesha, hata kumpisha mlangoni. Akizungumza, watu waliendelea na yao kana kwamba hapakuwa na mtu. Akaondoka katikati ya muhula akiburuta sanduku lake, na mimi niliyekuwa nikilala kitanda cha chini yake niligeukia ukutani. Na kwa mkubwa, yaani yeyote aliyekutangulia darasa, hapakuwa na ndiyo wala hapana. Ukishaagizwa unasema, "Nimepokea."

Ndivyo nilivyopata kazi kule Malaba. Nilipoingia ofisini kwa Madam Nafula kuomba nafasi ya uwakala wa forodha, niligonga mara mbili, nikasubiri mikono nyuma. Hakufungua hata bahasha yangu ya vyeti. Akauliza, "Umetoka Kilima mwaka gani?" Yeye aliwahi kuwa kiranja mkuu wa bweni letu, miaka mingi kabla yangu. Ofisini tulikuwa wanne chini yake, wote wa Kilima. Alipenda kuwaambia wageni, "Wasichana wangu hawanisumbui." Na kweli, ungepita mlangoni ungedhani ofisi haina watu. Madereva walitucheka. Walisema tunaongea kama tumesimama paredi.

Kati yetu mdogo alikuwa Amoit, Mteso wa kule Chakol, aliyenifuata madarasa mawili. Alinipenda. Mambo ya huku alinifundisha yeye, hata kusalimu kwa Kiteso, akicheka matamshi yangu mpaka machozi yanamtoka. Madam akiingia, kicheko kilikatika.

Sasa sikiliza. Mwezi wa juzi ulikuja mzigo wa mapipa ya plastiki wa kuvuka kwenda Uganda. Karatasi ya mwenye mzigo ilisema asidi. Mzigo kama huo una kibali chake, na hausimami foleni pamoja na mingine. Una uwanja wake mbali na watu. Amoit ndiye aliyekuwa akiuingiza kwenye kompyuta. Nilikuwa meza ya pili, mkono ungemfikia.

"Madam, hapa wameandika asidi."

"Andika sabuni ya maji."

"Nimepokea."

Hayo tu. Niliyasikia yote matatu, dada. Nikaendelea kupiga mihuri yangu. Nisije nikakuambia baadaye kwamba nilijiuliza au nilisita. Sikujiuliza.

Siku ya pili foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma sana, na lori la yale mapipa likasimama pale anapouzia chai mama mmoja Msamia aitwaye Nabwire. Karibu na saa sita dereva wa lori, Mganda wa makamo tunayemwita Ssalongo kwa kuwa ni baba wa mapacha, alipanda ngazi hadi ofisini. Madam alikuwa ametoka.

"Nyabo, hiyo mzigo yenu inavuja," akaniambia kwa heshima ya kwao, akainua mguu. Soli ya kiatu ilikuwa imelika kama jibini. "Hiyo si sabuni. Mimi nimebeba sabuni miaka mingi, sabuni haikuli kiatu. Mnipatie ruhusa nitoke kwa foleni."

Amoit alimpigia Madam simu. Alisikiliza amesimama. "Nimepokea," akasema, akaweka simu. Kisha akamwambia dereva, "Umeambiwa usubiri."

"Nani amesema? Wewe mwenyewe unaonaje?"

Amoit akanitazama. Nikamwambia dereva, "Asubiri, mzee. Ndivyo ilivyoagizwa." Nilisema hivyo hivyo, "asubiri", kama ninayemzungumzia mtu asiyekuwepo. Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akatikisa kichwa, akashuka.

Mvua ikanyesha kidogo, ikaanuka. Mama Nabwire alikuwa amejikinga kibandani na beseni lake la kuoshea vikombe limebaki nje, ubavuni mwa lori. Aliporudi akakuta lina maji, akadhani ni ya mvua. Akatumbukiza mikono yote miwili, na kikombe kikarusha tone jichoni. Ukelele wake tuliusikia juu na madirisha yamefungwa. Nilishuka mbio. Watu walikuwa wakimmwagia maji, Ssalongo analia waziwazi kama mtoto, na ngozi ya ile mikono, dada, sitakuandikia. Jicho la kushoto halioni tena.

Kesho yake asubuhi Madam alitupanga mstari mbele ya meza yake. Hakuwa na hasira. Sijawahi kumwona na hasira.

"Maafisa wako njiani," akasema. "Kuna karatasi moja ina kosa. Ofisi ina wafanyakazi na wateja, haiwezi kufungwa kwa sababu ya karatasi moja." Akatazama ukutani juu ya vichwa vyetu. "Nani anabeba?"

Magoti yangu yalianza kukunjika. Nakuapia, nilihisi changarawe. Mdomo wangu ulikuwa unafunguka, na pengine sekunde moja zaidi ningekuwa mimi. Amoit akanitangulia.

"Nabeba mimi, Madam."

Madam akamwekea mkono begani. "Umefanya vyema, binti." Na wenzangu wakapiga makofi matatu, mepesi.

Na mimi nilipiga.

Maafisa walimkuta amesimama tayari, sweta lake limekunjwa mkononi. Aliwaambia alikosea kuandika kwa uzembe. Karatasi ya mwenye mzigo haikuonekana tena. Wakamchukua.

Siku mbili baadaye mama yake alikuja kutoka Chakol, mjane, amefunga ugali wa wimbi kwa kitambaa ampelekee binti yake. Walipomaliza kuonana akanitafuta ofisini, Madam akanipa ruhusa ya dakika chache nimsikilize nje.

"Dada, wewe ulikuwa pamoja na yeye," akasema. "Mimi nimemuuliza, Amoit, nani alikutuma? Ananiangalia tu. Anasema, 'Nimepokea, mama.' Amepokea nini? Mimi sikumpatia kitu."

Nilirudi ndani, nikakaa, nikaona kiti cha Amoit kimeshasogezwa ukutani. Sijui ni nini kilichonishika. Labda yule mama alivyokuwa ameukumbatia ule ugali ambao binti yake hakuula. Nilitoka bila kuomba ruhusa, mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikaenda kituo cha polisi.

Amoit aliponiona alisimama, akaweka mikono nyuma. Mle ndani, dada, na uchovu ule, akasimama kwa sababu nilimtangulia madarasa mawili. Nilimsihi. Nikamwambia anaweza kufungwa kwa kosa la mtu mwingine. Nikamtajia mikono ya Mama Nabwire. Nikamtajia mama yake. Alikuwa akitabasamu kwa mbali, ule uso wa kiti cha mbele siku ya Jumapili.

"Niliuliza nani atabeba, na hakuna aliyesema," akaniambia.

"Aliyeuliza si wewe, Amoit. Ni Madam."

Akapepesa macho kama asiyeona tofauti.

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijalielewa vizuri. Nilisimama wima, nikaitoa ile sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nilipokuwa kiranja mdogo.

"Amoit. Mimi ni nani kwako?"

Tabasamu likaondoka. "Mkubwa wangu."

"Nakuagiza uwaambie ukweli. Wote."

"Nimepokea."

Akaueleza. Afisa aliitwa, akaandika, na Amoit akasema kila kitu bila kusita, neno kwa neno, macho yametulia ukutani, kama anayekariri. Afisa alifurahi. Mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa alipokuwa amenyamaza. Nami nikaandikisha yangu: kwamba nilikuwepo, nilisikia agizo, nikamwambia dereva asubiri. Siku chache baadaye Amoit akatoka kwa dhamana, mama yake akampeleka Chakol.

Nilipokwenda ofisini asubuhi baada ya kuandikisha maneno yangu, meza yangu haikuwepo. Haikuwa tupu, haikuwepo. Niliwasalimu wenzangu, wakaendelea kuandika. Nikaita kwa majina. Mmoja akainuka akafunga dirisha kwa nyuma yangu, akanipita kama anayepita mlango ulio wazi.

Nilidhani ni wale tu. Sikujua huku mpakani tuko wangapi, dada. Aliyekuwa akiongoza kwaya kanisani, kumbe ni wa Kilima. Jumapili aligawa vitabu vya nyimbo mstari mzima, kwangu akaruka. Zahanati nilipopeleka homa yangu, muuguzi aliita majina mpaka benchi likabaki mimi peke yangu, akafunga daftari akaondoka. Mwenye nyumba yangu aliniomba nihame bila sababu, na kwa upole, akikwepa macho yangu. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Aliyenipa pa kulala ni Mama Nabwire. Yuko hapa Burumba kwa binti yake tangu alipotoka hospitali. Nilikwenda kumpa pole na kumwambia nilichofanya, nikitarajia anifukuze. Alinisikiliza, kichwa amekigeuza ili jicho zima linione.

"Ulisikia wakisema ni sabuni?"

"Nilisikia."

"Na Ssalongo alikuambia inavuja?"

"Aliniambia."

Binti yake alikuwa anatwanga karanga uani, akaacha. Mwishowe mama akanyoosha mikono. "Basi nifungue hizi bandeji, unifunge zingine. Huyu hajui, ananiumiza." Tangu hapo mimi ndiye ninayemfunga na kumlisha na kumsuka. Hajasema amenisamehe, nami simuulizi.

Jumatano alasiri Madam Nafula alikuja hapa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote wa ofisini ninakoishi. Aligonga mara mbili akasubiri. Alikuwa na mkate na sukari kwenye mfuko, kama mgeni yeyote wa heshima. Mama Nabwire alikuwa amelala chumba cha ndani. Madam akaketi, akaomba maji, akanywa.

"Nimekuja tu kukujulia hali. Dada yako wa Wundanyi hajambo?"

Nikasema hajambo.

"Na yule binti yake, Mshai. Ulituletea peremende matokeo yake yalipotoka, unakumbuka? Nimefurahi sana kusikia ameitwa Kilima. Mimi niko kwenye kamati ya wasichana wa zamani, nimeshaongea nao. Atalala bweni letu lile lile. Nimewaambia ni mtoto wa nani. Watamtunza."

Aliyasema taratibu, anatabasamu, huku akizungusha glasi juu ya meza. Nilielewa kila neno. Na unajua nilifanya nini, dada? Nilisimama. Mikono ikaenda nyuma yenyewe. Nikasema, "Nimepokea, Madam."

Akashukuru kwa maji, akaenda zake. Nilibaki nimesimama hivyo mpaka Mama Nabwire akaniita mara ya tatu.

Ndiyo maana nakuandikia. Usidhani nakuandikia kwa sababu ya Madam peke yake. Yeye ni mmoja, na siku moja atazeeka. Naogopa lile bweni, na lile swali, na jinsi nilivyo mimi mtu mzima wa umri huu, niliyeona nilichokiona, na bado mwili wangu una mkubwa wake. Mshai anabishana. Juzi tu ulilalamika kwamba umemtuma dukani akakuuliza kwa nini asiende kaka yake. Wewe uliona ni utovu wa adabu. Mimi nilicheka peke yangu hapa uani kwa furaha, mpaka binti wa Mama Nabwire akaniuliza nimepata nini. Mtafutieni shule ya kutwa iliyo karibu, jioni arudi akueleze siku yake ilivyokuwa. Akikujibu, mwache ajibu. Na kama kuna mtu atakupigia simu kutoka shuleni, hata awe na sauti tamu namna gani, akakuambia nafasi yake imehifadhiwa, mwambie mmebadili nia. Usimweleze mengi.

Bado kuna moja. Jana nilikwenda Chakol kumwona Amoit, kwa kuwa kesi yake inasikilizwa Jumanne. Nilimkuta mama yake peke yake anaanika mtama. Aliponiona akaanza kulia. Amoit amerudi Malaba. Madam alimtuma mtu amchukue, amemrudishia kiti chake, tena karibu na dirisha. Na amekwenda kituoni kufuta maneno yake. Sasa anasema ukweli ni ule wa kwanza, alikosea yeye mwenyewe, na kwamba yale mengine aliyasema kwa sababu mimi nilimwagiza.

Na kweli nilimwagiza, dada. Hilo hakulizua. Jumanne wataniuliza mbele ya watu kama nilikwenda kituoni nikamwagiza mtuhumiwa la kusema, na nitajibu ndiyo. Karatasi ya mwenye mzigo haipo. Ssalongo amerudi kwao, simu yake haipatikani. Baada ya ile ndiyo yangu sijui nani atasikiliza kilichobaki, lakini nitakisema. Mama Nabwire ameniambia atakuja, akae mahali nitakapomwona.

Nisalimie shemeji, mwambie goti alikande na maji ya moto asilipuuze. Nisalimie mjomba, na umwambie kwamba ile redio sikuivunja mimi. Anajua, lakini sijawahi kumwambia kwa kinywa changu. Nisalimie mama mdogo wa kanisani, aniweke kwenye maombi yake ya Jumanne bila kuwaeleza wenzake sababu. Mshai mpe salamu za mama yake mdogo asiyestahili, na umwambie nampenda alivyo.

Barua hii naituma kwa basi la leo ikuwahi; ukishaisoma ichome, kisha unipigie. Usiweke spika. Mkiwa mmeshaamua, nataka kusikia kutoka kwako kabla sijaingia mahakamani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuwaza,

Wakesho